Iko na Nani Saa Hii?

Tangu tulipomzika Tante Kahindo, harufu ya karatasi ya kaboni hainiachi. Wiki iliyopita niliingia duka moja hapa Beni kununua chaki, nikamkuta mwenye duka anaandika orodha ya mizigo, na katikati ya kurasa mbili amepachika ile karatasi nyembamba ya buluu inayochafua vidole. Niliinama kana kwamba nafunga kamba ya kiatu, kumbe nanusa. Akaniuliza kama nina kizunguzungu. Nikamjibu ni joto, kwa maana hapa Beni joto ni sababu inayokubalika kwa kila jambo. Nikatoka na chaki zangu, na barabarani machozi yakanitoka bila aibu.

Walio wa rika langu watakumbuka siku zile kabla simu haijaingia katika kila mfuko. Mtu wa Butembo akitaka kusema na ndugu yake wa Beni au wa Alimbongo, alimpa dereva wa lori barua na kumwomba Mungu dereva asiisahau, au alikwenda kwenye redio kutoa komunike, yaani tangazo la kusomwa hewani. Mbele ya nyumba ya redio, chini ya ukingo wa bati, palikuwa na meza moja yenye mguu ulioegemezwa kwa kipande cha tofali. Hiyo ilikuwa meza ya Tante Kahindo, dada ya baba yangu. Watu walimletea maneno yao, yeye akayaandika, mtangazaji akayasoma saa sita mchana na jioni. Nakala moja ilikwenda ndani, na ile ya buluu ya kaboni ilibaki kwake ndani ya sanduku la bati.

Mimi niliteremshwa kwake kutoka kijiji cha Kipese, milimani, nikiwa na umri wa kuingia darasa la tano, kichwani nimebeba kikapu cha viazi na mdomoni sina lugha nyingine ila Kinande. Kule kwetu Kiswahili nilikisikia kwa wanunuzi wa viazi na kwa askari tu, kwa hiyo niliamini ni lugha ya watu wenye haraka. Siku ya kwanza shuleni mwalimu aliniuliza jambo, mpaka leo sijui lilikuwa jambo gani, nikamjibu kwa sauti kubwa, "Wavukire!", ndiyo salamu yetu ya asubuhi. Ilikuwa saa saba mchana. Darasa zima likaanguka kwa kicheko, na kwa miezi miwili jina langu likawa hilo.

Kilichoniokoa ni sarufi. Mwalimu wetu, mzee mwembamba mwenye sweta ya kijani, alifundisha kile tulichokiita Kiswahili bora, na alikifundisha kama fundi anayepanga tofali. Hapa mtenda, hapa tendo, hapa mahali, hapa wakati. Nilimpenda mno mtu yule. Nilipenda pia kwamba sarufi haikucheki. Ukiijua, umeijua, hata kama umetoka Kipese na viatu vyako vina vidole viwili nje. Mwisho wa mwaka nilikuwa wa kwanza katika somo hilo, na kuanzia hapo nikawa kero kwa kila mtu.

Nasema kero bila kujionea huruma. Muuza maandazi akisema "batoto", mimi nasema "watoto". Padri akikosea katika matangazo, mimi natikisa kichwa kwenye benchi ili wote waone. Nilimsahihisha hata Tante, mtu aliyenilaza kitandani kwake na kunifunika kwa blanketi lake mwenyewe katika baridi ile ya Butembo. Yeye alikuwa ameishia darasa la nne. Badala ya kunichapa, alicheka akanisogezea kiti.

"Kuya hapa, Madame Grammaire," alisema. "Miye nitakuwa naandika brouillon, weye utafanya au propre. Batu ya redio banapendaka Kiswahili bora. Donc tutasaidiana."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi yangu ya kila Jumatano mchana na Jumamosi kutwa. Tante aliandika ya kwanza kwa mwandiko wake mkubwa, mimi nikainakili safi, kaboni chini yake, nikibonyeza biki kwa nguvu mpaka kidole kikaota sugu. Nilijiona mtu wa maana kuliko yeye. Nilidhani kazi yenyewe ni ile ya kwangu.

Na tuseme kweli, kwa macho ya mtoto Tante alikuwa mzito. Mtu anafika anahema, ana neno la haraka, naye biki ameilaza mezani. Anasikiliza. Anamwacha mtu aseme mpaka amalize, hata akirudia mara tatu. Kisha anaanza maswali yake. Anayetumiwa hii komunike anafanya kazi gani? Saa sita anakuwa wapi, shambani au nyumbani? Redio ni yake au ya jirani? Na swali la mwisho halikukosa hata siku moja: "Iko na nani saa hii?" Mimi nilidhani ni umbeya. Niliwaza kwamba mtu mzima anapenda tu kujua mambo ya watu wa Lubero asiowajua, na nikamwonea aibu.

Siku moja alikuja mzee mwenye kofia ya ngozi, anatetemeka kwa hasira. Mkwe wake wa Alimbongo alikuwa hajaonekana tangu harusi, na mbuzi wa mwisho wa mahari hajaonekana vilevile. Mzee alitaka redio imwite mkwe mwizi, kwa jina, mchana na jioni. Tante alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza kama binti yake ana mimba. Mzee akasema ndiyo, ya kwanza. "Na saa redio itasema mwizi, binti yako iko na nani?" Mzee akavua kofia, akaketi. Komunike iliyosomwa jioni ile ilisema kwamba mkwe wa Alimbongo anasalimiwa sana na anangojewa kwa hamu, yeye na mke wake, na kwamba nyumba ya kulala wageni ina nafasi hata ya mnyama. Wiki mbili baadaye mkwe alipita mbele ya meza yetu akivuta mbuzi. Mzee alicheka mpaka akakohoa, na sisi tukacheka naye. Hata hivyo mimi sikujifunza kitu. Niliona tu kwamba Tante anapenda kuzunguka.

Sasa nifike pale penye uchungu.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mvua imetoka kunyesha, na Tante ana homa. Alikuwa amejifunga kitenge juu ya koti na meno yanagongana. Akaja mwanamume mmoja kutoka hospitali, kofia mkononi, akasema kwa sauti ya chini: "Dada yangu ameisha kutuacha. Mutoto yake Katungu anakaaka Beni. Anapashwa kujua."

Tante alisimama kwanza, akamshika mkono kwa mikono miwili. Kisha akakaa akauliza yake, homa na yote. Katungu ana watoto wawili wadogo. Mumewe yuko safarini. Saa sita huwa nyumbani anapika. Jirani mlango wa pili ana redio kubwa, mama mmoja mwenye moyo. Tante akaandika, akanisukumia karatasi. "Fanya au propre, Kavira, upeleke ndani. Mie naenda kunywa dawa."

Nikasoma alichoandika: Mama Katungu, mkaaji wa Beni, anaombwa kufika Butembo bila kukawia. Mama yake mzazi ni mgonjwa sana. Asije peke yake.

Nilishangaa. Masikio yangu yalikuwa yamesikia vizuri: yule mama amekufa, si mgonjwa. Nikawaza kwamba homa imempanda Tante kichwani. Nikamwonea huruma, wallahi, nikataka kumstiri. Tena mwalimu alikuwa ametufundisha wiki ile ile kwamba habari njema ni ile iliyo kamili, isiyoacha shaka. Basi nikachukua karatasi safi, nikapachika kaboni, nikaandika kwamba Mama Katungu, mkaaji wa Beni, anajulishwa kuwa mama yake mzazi amefariki dunia leo asubuhi mjini Butembo, na kwamba anaombwa kufika haraka. Mtenda, tendo, wakati, mahali. Lile la "asije peke yake" nililifuta, niliona limezidi. Nikaisoma mara mbili, nikaipenda. Nikaipeleka ndani, na mtangazaji aliyekuwa amechelewa akaisoma kama ilivyo.

Yaliyotokea Beni tuliyajua baadaye. Katungu alikuwa anapalia makala, ndiyo makaa, chini ya chungu cha maharagwe, redio ndogo iko dirishani. Alisikia jina lake, akafurahi nusu dakika, kwa kuwa kila mtu hufurahi kusikia jina lake redioni. Kisha akasikia yote kwa mara moja, peke yake. Akatoka. Hakuvaa viatu, hakufunga mlango, hakuona watoto. Jirani wa mlango wa pili naye alisikia, akakimbia, lakini alikuta moshi wa maharagwe yaliyoungua na watoto wawili wanalia kizingitini. Katungu alikuwa ameshika njia ya Butembo kwa miguu. Lori la mbao lilimwokota jioni karibu na Maboya, amekaa kando ya barabara, mguu mmoja umepasuka, hajui amefikaje pale.

Alikuja kwenye meza yetu baada ya mazishi, ameegemea bega la mjomba wake, mguu umefungwa kitambaa. Kulikuwa na watu wanne wanangoja zamu. Mkubwa wa redio alikuwa amesimama mlangoni.

"Ni nani aliandika ile maneno?" Katungu aliuliza. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga.

Mimi nilikuwa nyuma ya Tante, kaboni mkononi. Tante alikuwa ameshaiona nakala ya buluu usiku wa siku ile ile, na alikuwa ameutambua mwandiko. Alisimama.

"Ni mie, mama," alisema. "Kosa ni ya mie. Unisamehe."

Katungu alijiondoa begani kwa mjomba wake. "Batu banasemaka unajua kuandikia batu," alisema, kisha akageuka akaenda akichechemea. Mmoja wa wale wanne akaikunja karatasi yake, akaondoka. Wa pili akamfuata. Mkubwa wa redio akasema kwamba jambo hilo likirudiwa mara moja tu, meza itaondolewa pale. Miaka yote ya Tante, maneno yote aliyoyafikisha salama milimani na mabondeni, yalikuwa yananing'inia kwenye uzi, na uzi huo niliukata mimi kwa Kiswahili bora.

Nyumbani nilingoja fimbo. Tante alimfungua Masika mgongoni, binti yake aliyekuwa bado mchanga, akamweka mapajani mwangu ili nisikimbie, akaketi juu ya gunia la makala.

"Unajua nilimuandikia nani ile komunike?" aliuliza.

"Mama Katungu."

"Hapana. Niliandikia jirani yake." Akasogea. "Sikia, Kavira. Jirani anasikia 'mugonjwa sana', anasikia 'asije peke yake'. Anajua. Kila mukubwa anajua. Anaacha nyungu yake, anaenda kwa Katungu kuomba moto, ao kuomba chumvi. Hata kama yake iko. Anakaa. Mwingine anakuya, anakaa. Kiisha moja anasema, tutakusindikiza, batoto batabaki kwangu. Mu njia njo banamuambia, polepole, banamushika mukono. Anafika Butembo anajua yote, na hakuna mutu alimutupia ile maneno kama jiwe. Unaona? Maneno yako ilikuwa ya kweli. Lakini ilimukuta peke yake."

Nililia mpaka Masika naye akalia. Sikulia kwa sababu ya kukemewa, hakunikemea. Nililia kwa sababu mara moja niliziona zile komunike zote nilizonakili, "mgonjwa sana", "anaombwa haraka", "asikose kuja na kaka yake", na nikajua kwamba nilikuwa nimeandika vifo vya watu mwaka mzima bila kujua, na kwamba mahali pengi, kwa sababu ya mwanamke huyu wa darasa la nne, watu walikuwa wamekwenda kuomba chumvi.

Jumapili tulikwenda nyumba ya matanga. Tante hakuniambia niseme kitu, hilo nataka lieleweke. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka, Katungu katikati yao, mguu umenyooshwa. Nilipiga magoti mbele yake, nikatafuta Kiswahili changu chote nisikione. Kilichotoka kilikuwa nusu Kinande, nusu cha sokoni, hakuna sentensi iliyofika mwisho. Ni mie. Nilibadilisha. Tante alikuwa na homa. Tante aliandika vizuri. Ni mie.

Katungu alichukua mkono wangu akaugeuza. Vidole vilikuwa bado na buluu. "Unasoma ya ngapi?" 

"Ya sita."

"Batoto!" alisema, akapumua kwa nguvu, kisha kwa mshangao wa wote akatabasamu kidogo. Alimtazama Tante na Tante akatazama chini. Wanawake wawili wale walielewana pale bila neno, na mimi niliyekuwa bingwa wa maneno nilibaki kuwaangalia. Kisha Katungu akasema: "Kaka yangu mukubwa iko Alimbongo. Wakati wa mazishi barabara ilikuwa imekatika na mvua, hakuna mutu aliweza kumufikia, hajasikia bado. Nataka umuandikie. Weye, hapana tante yako."

Tante alinipa kaye, daftari lake, na biki. Nililaza biki kwenye mkeka.

"Kaka yako," niliuliza, "iko na nani saa hii?"

Mjadala ukaanza. Yuko na mke wake, lakini mke ana ugonjwa wa moyo. Basi nani mwingine? Kuna katekista ng'ambo ya kijito, mwenye redio, mtu mtulivu. Saa sita kaka yuko shambani, lakini jioni hupita kwa katekista kunywa chai. Niliandika pale pale, na Tante hakugusa hata nukta moja. Kaka yule alifika siku ya tatu, ameongozana na katekista na vijana wawili, anajua, macho mekundu lakini hatua imara. Alimwambia Katungu mbele yetu kwamba aliambiwa njiani akiwa ameketi juu ya jiwe, na mtu kila upande. Jumatano iliyofuata Katungu mwenyewe, kabla ya kurudi Beni, alikuja akakaa kwenye foleni ya Tante, mguu umefungwa, ili watu wamwone amekaa pale. Wale wawili walirudi. Meza ikabaki. Jioni Tante akaitoa ile nakala yangu ya buluu kwenye sanduku la bati, akaitia katika jiko la makala, akateleka sombe, majani ya muhogo, juu yake.

Leo nafundisha Kiswahili hapa Beni. Wanafunzi wangu wanajua mtenda na tendo, nawabana kama nilivyobanwa, kwa kuwa sarufi bado naipenda. Ila kabla hawajaandika barua au ujumbe wa simu, lazima wanijibu atakayeupokea yuko na nani. Wananicheka, wanasema madame anapenda umbeya.

Niliambiwa hivi habari za Tante. Ilikuwa asubuhi ya Jumamosi, jua kali, kakao ya jirani imeanikwa kwenye turubai. Nilikuwa nasahihisha madaftari. Mama Zaina, ambaye mumewe ana gari la kubeba mizigo, alibisha hodi na kikombe mkononi. "Mwalimu, unisaidie chumvi kidogo." Nikamjazia kikombe. Badala ya kwenda zake, alikaa. Akaniuliza wanafunzi wangapi watafaulu, akaniuliza kama kuku wangu wanataga, mambo ambayo hajawahi kuyauliza. Nilianza kuudhika, kazi ilikuwa nyingi. Simu ikalia. Alikuwa Masika wa Tante, kutoka Butembo, ambaye hata ukubwani huniita yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya Kavira, mama iko mugonjwa sana. Inafaa ufike." Nilisikia anavuta pumzi. "Uko na nani saa hii?"

"Niko na Mama Zaina," nilisema bila kufikiri. "Alikuya kuomba chumvi."

Nikajisikia nikisema. Niligeuka. Mama Zaina alikuwa ameshasimama, kitenge changu cha safari kiko mikononi mwake, na nje injini ya gari la mumewe ilikuwa inanguruma. Namba yake nilimpa Masika mimi mwenyewe, siku simu yangu ilipoharibika.

"Nimesikia, Masika," nilisema. "Na weye? Uko na nani?"

"Tuko wengi, yaya. Nyumba imejaa."

Nililia baada ya Maboya, mkono wangu ndani ya mkono wa Mama Zaina, na mpaka tunaingia Butembo hakuna aliyekuwa amelitamka lile neno. Niliporudi Beni siku ya kumi, kikombe chake kilikuwa bado mezani, kimejaa chumvi hadi ukingoni.